Hotuba kwa Wasafishaji Madirisha: Chagueni Fimbo Salama

Kilimani, Lavington na Westlands, nyaya za umeme hupita kando ya madirisha. Kabla ya kurefusha fimbo, tazameni juu.

Fimbo ya alumini ni imara, lakini hupitisha umeme. Ya kaboni ni nyepesi, nayo pia hupitisha. Ya faibaglasi ni afadhali ikiwa kavu na safi. Hata hiyo isikaribie waya.

Kila jioni chomoeni vipande, suuzeni mchanga, kausheni, kisha kagueni vifungio na nyufa. Msipake grisi, vipande vitateleza.

Fimbo yenye ufa ikataeni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumfuta mfanyakazi kwa kulalamikia hatari.