Sataranji: Vifaa vya Kujifunzia Ufunguzi

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za sataranji, na hasa zile hatua chache za mwanzo ambazo wachezaji huziita ufunguzi. Wanafunzi wetu hutuuliza mara kwa mara: mafunzo yake yapatikana wapi, na kwa bei gani?

Swali hilo ni la kale. Katika karne ya 10 huko Baghdad, as-Suli alikwisha kuandika mipango ya kuanzia mchezo. Mwaka 1561 kasisi wa Hispania, Ruy López, alipiga chapa kitabu chake, na hata leo ufunguzi mmoja mashuhuri waitwa kwa jina lake. Siku zile vitabu vilikuwa haba; siku hizi vimezidi kiasi. Mwenye simu ya intaneti huzungukwa na wauza masomo, kila mmoja akimwahidi ushindi wa upesi. Fedha ya karo isiende huko!

Kuna vya bure. Tovuti ya Lichess, aliyoianzisha Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, haitozi ada wala haina matangazo ya biashara. Humo, kila usogezapo kete, waonyeshwa wachezaji waliotangulia walijibu nini, na walishinda mara ngapi. Kwa wasio na simu, mwalimu aweza kuwachapia kurasa chache za kitabu cha Capablanca cha mwaka 1921, Chess Fundamentals, ambacho Project Gutenberg yakitoa bila malipo. Ni cha Kiingereza, lakini picha za ubao husomeka na kila mtu. Tena wachapishaji wa Yugoslavia, walipoanza mwaka 1974 kutoa kamusi yao kubwa, waligawa njia zote za ufunguzi kwa alama 500, tangu A00 hadi E99. Njia ya Ruy López ni C60 hadi C99. Ukiijua alama, waweza kuitafuta katika kitabu cha lugha yo yote.

Lakini kifaa hakimfundishi asiyeuliza. Tulimwona kijana mmoja aliyekariri hatua kumi na tano kama shairi. Mpinzani wake alipoiacha njia katika hatua ya tatu, kijana alishika tama, na mchezo wake ukaisha kabla ya chai.

Basi tutwae ubao. Mistari hutajwa kwa herufi a hadi h, na safu kwa tarakimu 1 hadi 8. Mweupe asogeza kitunda, yaani askari mdogo, hadi e4. Mweusi naye hadi e5. Farasi mweupe aenda f3, akikitisha kitunda hicho; farasi mweusi aja c6 kukilinda. Askofu mweupe atua b5, akimkabili mlinzi. Mweusi asogeza kitunda hadi a6. Sasa askofu amla farasi, na kitunda cha d chamlipiza kisasi kwa kumla askofu. Mlinzi amekwisha kuondoka. Je, Mweupe asile kitunda cha e5?

Msifungue simu kwanza; tazameni ubao hata mchoke. Farasi akila, malkia mweusi, ambaye mlango wake umefunguka katika mstari wa d, ashuka d4. Hapo amtisha farasi, na papo hapo akitisha kitunda cha e4. Farasi atakimbia, kitunda kitaliwa, na Mweupe hana faida. Mkiisha kuliona hilo kwa macho yenu, ndipo mfungue tovuti, mlinganishe jibu lenu na la mabingwa. Kazi hii huchukua jioni nzima kwa hatua tano tu, nasi twaona si nyingi.

Kwa juma lijalo, jaribuni hili: badala ya kitunda cha a6, Mweusi atoa farasi wake wa pili hadi f6, na Mweupe amhifadhi mfalme wake nyuma ya ngome. Farasi huyo akikila kitunda cha e4, Mweupe atajilipaje?