Masalia ya pamba: kwa nini tunaomba fedha ya kupima, si ya kujenga

Sisi wa Kamati ya Fedha tumepewa dakika chache, na tutazitumia kwa jambo moja, masalia ya pamba.

Kila mwaka mavuno yakiisha, mkulima wa Bunda anatakiwa ang'oe masalia na kuyachoma, ili wadudu wasijifiche humo hadi msimu ujao. Amri hiyo ina maana. Ila sisi wahasibu tukiuona ule moshi, tunaona mali inaondoka bila stakabadhi.

Mwaka jana baadhi yenu mlileta wazo la kiwanda cha maji moto. Tulicheka kwanza, kisha tukaenda kusoma. Maji yakifungiwa ndani ya chombo imara na kupashwa hadi nyuzi 180 au 200 za Selsiasi, yanabaki maji, kwa kuwa yanabanwa kwa kani mara 10 hadi 16 ya hewa ya kawaida. Yakifika hapo yanafanya kazi kama asidi hafifu: yanavunja sehemu ya mmea na kutoa sukari, na sukari ile ikizidi kupikwa inakuwa kimiminika kiitwacho furfurali. Hiyo ni kemikali mama, maana nyingine nyingi hutengenezwa kutokana nayo, mojawapo gundi ya kushikisha mchanga wa kalibu za kusubia chuma. Na mdudu wa pamba hatoki hai humo.

Biashara yenyewe ni ya zamani. Kampuni ya Quaker Oats ya Marekani iliianza mwaka 1922 kwa maganda ya oti, ingawa kwa asidi kali. Sezela, Afrika Kusini, wanatumia makapi ya miwa. Jirani zetu wa Eldoret walijenga kiwanda cha magunzi ya mahindi. Hakikudumu.

Hapo Eldoret ndipo tulipokaa sana. Tani 1 ya furfurali hula takriban tani 10 za magunzi makavu, na masalia hayaji yenyewe kiwandani: kuna kibarua wa kung'oa, kamba, tela, dizeli, na mvua ikinyesha yameoza. Mtambo nao utanunuliwa kwa dola. MUTEX yetu pale Musoma sote tunaijua.

Kwa hiyo kamati inasema kiwanda hapana, mwaka huu na ujao, na tunajua wapo watakaonuna. Tunaomba mchango wa kupima: masalia ya mashamba machache ya Bunda na magunzi ya Butiama yapitishwe kwenye mizani, gharama ya kuyafikisha Musoma iandikwe senti kwa senti, na sampuli iende maabara ya chuo kikuu.

Waliokwisha kuchangia kiwanda, fedha zenu ziko benki, hazijaguswa. Anayetaka kurudishiwa aje meza ya mweka hazina na risiti yake, leo kabla ya chakula.