Tumbaku za Namna Mbalimbali na Kuzikausha



Nimetakiwa leo niseme machache juu ya mtu anayetaka kupanda tumbaku za namna mbalimbali karibu na nyumba yake. Wengi huniuliza, "Ni ipi yenye majani makubwa?" Hilo si swali la kwanza. La kwanza ni hili: utaikausha kwa njia gani?

Virginia, ile iwayo rangi ya dhahabu, hukaushwa katika banda lililozibwa vema, lenye mabomba ya bati yapitishayo joto la moto. Nayo hula kuni usiku na mchana kwa siku tano, sita, hata saba. Watu wa Kuria walioilima hawana haja ya kuelezwa na mimi jinsi miti inavyokwisha. Burley haitaki moto. Hutundikwa katika banda lipitishalo upepo, ikakaa majuma kadhaa mpaka majani yakawa ya kahawia. Mwenye kuni chache asidanganywe na uzuri wa Virginia.

Iko tena tumbaku fupi, yenye majani mazito ya mviringo na maua ya manjano. Wataalamu huiita Nicotiana rustica, na ukali wake huzishinda hizo nyingine kwa mbali.

Mbegu ni ndogo kama vumbi. Gramu moja yaweza kuwa na mbegu 10,000. Basi zichanganye na mchanga mkavu, uzinyunyize juu ya kitalu pasipo kuzifukia. Baada ya majuma sita au manane miche hufaa kuhamishwa. Usiipande palipokuwa na nyanya wala viazi, kwa kuwa hao ni ndugu, na maradhi yao ni mamoja. Uko ugonjwa mmoja utiao majani mabaka, ambao huchukuliwa kwa mikono, na hukaa hata ndani ya sigara. Mvutaji na anawe kwa sabuni kabla hajagusa miche.

Ua la tumbaku mara nyingi hujitia mbegu lenyewe, lakini nyuki hawaheshimu mipaka ya matuta yetu. Kwa hiyo chagua mmea mmoja mzuri wa kila namna, ufunike kilele chake kwa mfuko wa karatasi kabla maua hayajafunguka, ukaandike jina lake. Iliyobaki ikate vilele, majani yanenepe.

Neno zito kuliko yote ni juu ya watoto. Jani lililolowa umande au mvua hupitisha sumu yake katika ngozi. Mtu hushikwa na kizunguzungu, akatapika, na wazazi wakadhani ni malaria. Ngojeni majani yakauke, vaeni mikono mirefu, na watoto wasichume kabisa. Najua kazi ni nyingi na mikono ni michache. Hata hivyo wasichume.

Sasa tufuatane kitaluni, niwaonyeshe namna ya kufunga ile mifuko.