Ufunguo wa Nyumba Umekwenda kwa Nani?

(Maneno ya kamati ya tawi mbele ya wanachama, Nairobi)



Kamati imetuagiza tuseme habari ya nyumba. Twajua wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mtaingia zamu ya usiku baada ya hapa, kwa hiyo hatutawachosha kwa salamu nyingi. Neno letu ni hili. Katika mji huu wa Nairobi nyumba zimejengwa mara nyingi kwa jina la mfanyi kazi wa mshahara mdogo, na mara nyingi ufunguo umekwenda kwa mtu mwingine. Twataka mjue jinsi mambo hayo yalivyotokea, kwa sababu safari hii fedha zinazojenga ni zenu, nazo hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi.

Hatukuja kulitukana Baraza la Jiji la zamani. Mtu akisema Baraza halikujenga kitu, mwambieni apande basi aende upande wa mashariki ya mji akatembee kwa miguu. Ziwani, Starehe, Kaloleni, Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho, Uhuru: hizo zilikuwa kazi za Baraza. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, nyumba za kukaa mtu na mke wake na watoto, zenye nafasi ya miti na majani, na ukumbi ambao baadaye siasa nyingi za nchi hii zilisemwa ndani yake. Anayepita pale leo, ingawa mabati yamechakaa, ataona kwamba aliyechora mtaa ule alimfikiria mtu kuwa mtu.

Lakini Kaloleni haikuwa desturi. Desturi ya ukoloni ilikuwa kumhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini: aje peke yake, afanye kazi, kisha arudi kwao. Kwa hiyo makao yake yalihesabiwa kwa vitanda. Chumba kimoja, watu watatu au wanne, kila mmoja na sanduku lake chini ya kitanda. Na kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1930, kijiji cha zamani cha Pangani kilivunjwa na watu wake wakapelekwa Pumwani na Shauri Moyo. Wengi waliokuwa wenye nyumba kule Pangani, na kati yao walikuwamo wanawake wengi, walijikuta wapangaji wa Munispaa. Jina la Shauri Moyo wenyewe mwalijua. Hatuna haja ya kulieleza.

Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanyi kazi wa mijini katika kazi za watu binafsi walikuwa wakipata mshahara usiotosha hata mahitaji ya lazima ya mtu mmoja. Tafadhali sikilizeni vizuri: mtu mmoja, kapera, bila mke wala mtoto. Mwaka ule ule Baraza lilikuwa katika shughuli ya kujenga mitaa ya Ofafa, iliyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Nyumba zilikuwa imara. Lakini mtu ambaye mshahara wake haumtoshi yeye peke yake atalipaje kodi ya nyumba ya jamaa nzima? Hulipa kwa kuingiza wapangaji wengine ndani. Hapo ndipo nyumba ya familia hugeuka kuwa bweni, na bwana wa afya akija asubuhi huandika kwamba watu wamejazana, kana kwamba walijazana kwa kupenda.

Tom Mboya aliiona hali hiyo kwa macho yake, maana alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji kabla hajajulikana kwa siasa, na chama chake cha kwanza kilikuwa cha wafanyi kazi wa Baraza hilo hilo. Twalitaja hili kwa sababu wako vijana wanaodhani kwamba nyumba ni jambo la serikali na mshahara ni jambo la chama. Tangu mwanzo yalikuwa jambo moja.

Baada ya Uhuru wakaja wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Bwana Bloomberg na Bwana Abrams, mwaka 1964, wakahesabu kwamba miji ya Kenya yahitaji nyumba mpya kama 7,600 kila mwaka. Hesabu hiyo haikufikiwa. Serikali ikaandika sera yake ya nyumba mwaka 1966, ikataka kila nyumba ya mjini iwe na vyumba viwili kwa uchache, jiko lake na choo chake. Ni maneno mazuri, nasi hatuyapingi. Hakuna mtu katika mkutano huu anayetaka choo cha watu mia. Lakini nyumba ya namna hiyo ilikuwa na bei yake, na bei ilimpita kuli, topasi na mlinzi. Hao wakajenga kwa mbao na makaratasi katika bonde la Mathare. Mwaka 1970 Baraza likapeleka askari kuvunja vibanda kwa maelfu. Mkono mmoja wa Baraza ulikuwa ukijenga nyumba ambazo maskini hawezi kuzilipa, na mkono wa pili ukivunja zile alizoziweza.

Sasa tufike Dandora, kwa sababu hapo pana mafunzo mengi kuliko pote.

Mwaka 1975 serikali, Baraza la Jiji na Benki ya Dunia walipatana juu ya ploti 6,000 huko Dandora. Shauri lenyewe lilikuwa la akili. Badala ya kumjengea mtu nyumba nzima ambayo hawezi kuilipa, Baraza litampa ploti iliyopimwa, ya mita za mraba 100 hadi 160, yenye maji, mfereji wa maji machafu, choo na bafu, kisha atapewa mkopo wa vifaa ajenge vyumba mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kadiri ya mfuko wake. Tena ataruhusiwa kupangisha chumba kimoja au viwili apate fedha za kulipia. Ploti zilikusudiwa watu wa pato la Sh. 280/- hadi Sh. 650/- kwa mwezi, waliokuwa wakikaa Nairobi na wasiokuwa na nyumba mjini. Ndiyo kusema, watu kama sisi.

Baadhi yao walifanya jambo ambalo chama cha wafanyi kazi lazima kilisifu. Waliungana katika vikundi vya ujenzi. Kila mwezi kila mtu hutoa fedha, na fedha zikitosha chumba kimoja hujengwa kwa mmoja wao, halafu zamu ya mwingine, mpaka wote wapate. Wanawake wengi waliokuwa wakilea watoto peke yao walipata paa kwa njia hiyo. Hakuna aliyewapa bure.

Lakini tazameni yaliyofuata. Kwanza maofisa wenyewe walishindana. Wengine ndani ya Baraza walisema viwango vya mradi ni vya chini mno na havifai mji mkubwa. Wakati wakishindana, siku zilipita na bei ya simiti na mabati ilipanda. Mwenye pato la Sh. 300/- aliyeweza kujenga alipopewa ploti hakuweza tena miezi mingi baadaye. Kisha watu wenye fedha waliona kwamba ploti yenye maji na mfereji mjini Nairobi ni mali. Wakamwendea yule aliyeshindwa, usiku, wakampa fedha mkononi. Sheria ilikataza kuuza, kwa hiyo mauzo yalikuwa ya siri, na kitu kikiuzwa kwa siri muuzaji hapati bei yake. Wengine hawakuuza: walijenga vyumba, wakapangisha vyote, wakahamia mahali pa kodi ndogo zaidi.

Hatuwalaumu hao. Mtu mwenye watoto wanne, akiona chumba chake chaweza kuleta karo ya shule, atafanya hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Lakini Baraza ndilo lililoshika orodha, ndilo lililokuwa na wajibu wa kuuliza baada ya mwaka mmoja, baada ya miaka mitano: yule tuliyempa yuko wapi? Baadaye palipokuwa na ploti ya jamaa moja pakasimama gorofa za vyumba vya kukodi, familia moja kila chumba, na mwenye gorofa haishi hapo. Na jaa la taka la jiji likawekwa huko huko Dandora tangu miaka ya 1970. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba limejaa, na magari yakaendelea kumwaga.

Umoja nayo, iliyojengwa kwa mkopo uliotoka Marekani katika miaka hiyo hiyo, ilisemwa kuwa ya watu wa mshahara mdogo. Wengi waliokaa humo mwishowe walikuwa watu wa mshahara wa kati. Buruburu tusiitaje sana, maana hiyo tangu mwanzo haikudai kuwa yetu.

Mwaka 1983 Baraza lilivunjwa na serikali ikaweka Tume ya kuutawala mji. Kazi ya kujenga nyumba za kupangisha ikakaribia kufa, bali kazi ya kuvunja haikufa: Mei 1990 askari wa Tume walibomoa kijiji cha Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, na watu wakaumia.

Haya ni ya zamani. Sasa sheria ni nyingine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Mwaka 2013 kazi za Baraza zikaingia mikononi mwa Kaunti. Na Machi 2024 ilitiwa sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, inayomkata mfanyi kazi asilimia 1.5 ya pato lake, na mwajiri atoe kiasi hicho hicho juu yake.

Tufanye hesabu pamoja. Agizo la mishahara la mwaka 2024 lilimwekea kibarua wa kawaida wa Nairobi Sh. 16,113/75 kwa mwezi kabla ya alawansi ya nyumba. Makato yake ni kama Sh. 240/- kila mwezi. Sheria hiyo hiyo yasema nyumba nafuu ni ile isiyomla mtu zaidi ya asilimia 30 ya pato lake; kwa kibarua wetu ni kama Sh. 4,800/-. Tena sheria imegawa watu kwa mafungu: wenye pato chini ya Sh. 20,000/- wana nyumba zao za jamii, na kuanzia Sh. 20,000/- hadi Sh. 149,000/- ni fungu jingine. Kibarua yumo katika fungu la chini kabisa. Basi swali halihitaji elimu ya juu. Katika kila mradi unaojengwa, nyumba ngapi ni za fungu hilo la chini, na malipo ya kila mwezi, pamoja na maji, taka na lifti, hayatapita Sh. 4,800/-? Gorofa ndefu si jibu. Hata picha ya mkubwa akikata utepe si jibu.

Swali jingine ni la mtu aliyekuwa akikaa pale kabla tingatinga halijaja. Huko Pangani mpya Kaunti ilibomoa nyumba zake 48 za zamani ili mahali pake zisimame nyumba zaidi ya elfu moja. Wapangaji waliohama walikuwa 48 tu, wakijulikana kwa majina. Makongeni na mitaa mingine mikubwa ni maelfu. Na wale wa kandokando ya mito ya Mathare na Mukuru, ambao vibanda vyao vilivunjwa baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, hawakuwa katika orodha ya mpangaji hata mmoja. Waliahidiwa Sh. 10,000/- kila jamaa. Asiye na nyumba si yule tu anayelala barazani pa duka. Ni huyu pia, aliyekuwa na kibanda Jumatatu na Jumanne hana.

Wako wanachama waliotushauri tugomee makato hayo kabisa. Kamati haikubali. Sheria ikiisha kukata, kugoma ni kumwachia mwingine nyumba iliyojengwa kwa fedha yako. Sisi twataka kuingia mahali orodha inapoandikwa. Twataka kura ya nyumba ipigwe hadharani, matokeo yabandikwe ukutani kwa kuonyesha aina ya kazi na fungu la pato la waliopata, na baada ya miaka mitano yabandikwe tena ijulikane ni wangapi bado wanakaa humo. Jambo hili Dandora halikufanywa.

Neno la mwisho ni la mwajiri. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka ampe mfanyi kazi makao yanayofaa au alipe fedha za kodi juu ya mshahara. Tazameni karatasi zenu za mshahara usiku huu. Kama neno "nyumba" laonekana tu mahali pa kukatwa wala halionekani mahali pa kulipwa, ileteni karatasi hiyo ofisini.

Karatasi za hesabu ziko mezani kwa katibu. Andikeni mtaa mnaokaa, kodi mnayolipa, watu wangapi katika chumba, na mtungi wa maji mnaununua kwa bei gani. Jina si lazima. Asiyejua kuandika, karani atamwandikia. Jumamosi ijayo kamati itazihesabu, na barua kwa Kaunti itaondoka Jumatatu yake.