Madikteta Walivyoleta Vita Mpaka Ugogo

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Mmeniomba niongee juu ya Vita vya Pili vya Dunia. Vita hivyo vilianza Ulaya mwaka 1939, vikaisha mwaka 1945. Watu zaidi ya milioni 50 walikufa. Nanyi mmeniuliza swali zuri: vita vya Wazungu vilituhusu nini sisi watu wa Ugogo, tulio mbali na Ulaya na mbali hata na bahari?

Tuanze na neno moja: dikteta. Dikteta ni mtu anayetawala nchi peke yake. Hakuna wa kumwuliza. Bunge hulifunga, au hulifanya la kupiga makofi tu. Magazeti huandika anachotaka yeye. Anayempinga hufungwa au huuawa. Wenye umri wangu mnamkumbuka Nduli Idi Amin wa Uganda. Alichukua serikali kwa bunduki Januari 1971. Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia Kagera, akasema eti eneo lile ni la Uganda. Basi anayemkumbuka Amin hatapata taabu kuwaelewa Mussolini na Hitler.

Mussolini alishika serikali ya Italia mwaka 1922. Hitler alishika ya Ujerumani tarehe 30 Januari 1933. Hapa tukae kidogo. Watu wengi hudhani Hitler alipindua serikali. Hapana. Chama chake kilipata kura nyingi, naye aliteuliwa kuwa mkuu wa serikali kwa kufuata sheria.

Kwa nini watu walimfuata? Ujerumani ilikuwa imeshindwa katika vita vya 1914 hadi 1918. Ilinyang'anywa makoloni yake, pamoja na nchi yetu, ikatozwa na fidia kubwa. Halafu baada ya mwaka 1929 biashara ikaanguka dunia nzima. Kufika mwaka 1932, Wajerumani karibu milioni 6 hawakuwa na kazi. Baba ambaye watoto wake wamelala na njaa atamsikiliza yeyote anayemwahidi kazi. Hitler aliahidi kazi. Tena aliwapa watu wa kuwalaumu: Wayahudi. Baadaye, wakati wa vita, serikali yake iliwaua Wayahudi karibu milioni 6.

Baada ya kukalia kiti, miezi sita haikuisha. Vyama vingine vyote vya siasa vikapigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi pia. Aliingia kwa mlango wa kura, na alipokwisha kuingia akaufunga.

Sasa twende Afrika. Ethiopia, ambayo wazee waliiita Uhabeshi, ilikuwa nchi huru. Mwaka 1896 Wahabeshi waliwapiga Waitalia vibaya sana mahali paitwapo Adua. Mussolini alitaka kulipa kisasi. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yake yakaingia Ethiopia. Ndege zake zilimwaga gesi ya sumu juu ya watu, na wengi wao hawakuwa hata na viatu.

Wakati ule kulikuwa na Ushirika wa Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa. Ethiopia na Italia zote zilikuwa wanachama. Mataifa yakakubaliana kuisusia Italia kwa biashara. Lakini mafuta ya magari na ndege hayakususiwa. Na mfereji wa Suez, walikopitia askari wa Italia kwa meli, haukufungwa. Hebu fikirini, kijiji kinaamua kumsusia mwizi, kisha kinaendelea kumwuzia petroli ya pikipiki anayokwenda nayo kuiba!

Desemba 1935 mambo yalizidi. Mawaziri wawili, mmoja wa Uingereza na mmoja wa Ufaransa, walipanga kwa siri kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia ili atulie. Habari ikavuja, wananchi wa Uingereza wakakasirika, mpango ukafa. Lakini Mussolini alikwisha kuona kwamba wakubwa wale hawataki ugomvi naye. Tarehe 5 Mei 1936 Waitalia waliingia Addis Ababa. Mfalme Haile Selassie akaenda Geneva kueleza mbele ya mataifa yote jinsi watu wake walivyouawa. Alisikilizwa. Mwezi uliofuata, mataifa yakaacha hata ule ususiaji wao dhaifu.

Hitler alikuwa anatazama yote hayo. Machi 1938 akaichukua Austria. Septemba mwaka huohuo wakubwa wanne, wa Ujerumani, Italia, Uingereza na Ufaransa, walikutana mjini Munich. Wakampa Hitler kipande cha nchi ya Chekoslovakia. Wenye nchi hawakupewa hata kiti katika mkutano ule. Hitler alikula kipande kile, na Machi 1939 majeshi yake yakaingia mji mkuu, Prague.

Hata sisi tulikuwa katika sahani. Hitler alikuwa anadai makoloni ya zamani ya Ujerumani yarudishwe, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Walikuwapo Waingereza waliodhani kwamba akipewa koloni mahali fulani atanyamaza. Walowezi wa Kiingereza waliokuwa hapa walipiga kelele kupinga. Mgogo hakuulizwa, wala Mrangi, wala Mnyaturu. Wewe uko malishoni na ng'ombe, na huku watu wawili wamekaa kivulini wanazungumza habari ya shamba lako.

Tarehe 1 Septemba 1939 Hitler akaingia Polandi. Siku mbili baadaye Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita.

Wazee wa Ugogo walipopata habari hizi walikuwa na sababu ya kuogopa. Katika vita vile vya kwanza, Wajerumani na Waingereza walipigana Kondoa mwaka 1916. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana baadaye, maghala yalikuwa matupu. Njaa hiyo Wagogo waliiita Mtunya. Maofisa wa Kiingereza walikadiria kwamba watu 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma peke yake. Wengine wenu hapa mna majina ya ukoo ambayo nusu yake iliishia pale.

Juni 1940 Italia ikaingia vitani upande wa Hitler. Ethiopia ile iliyoachwa mikononi mwa Mussolini sasa ikawa kambi ya adui mpakani mwa Kenya. Basi vijana wetu wakaandikwa katika jeshi la KAR, ambalo wazee hulikumbuka kwa jina la Keya. Kikosi cha sita cha Keya kilikuwa cha Tanganyika. Mwaka 1941 Keya walivuka mto Juba, wakapita Somalia, wakapanda milima ya Ethiopia. Tarehe 5 Mei 1941 Haile Selassie alirudi Addis Ababa, miaka mitano kamili tangu Waitalia walipoingia. Wengine walipelekwa Madagaska mwaka 1942, na wengine msituni Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani. Watanganyika zaidi ya 80,000 walikuwa jeshini katika vita hivyo.

Japani nayo ilitawaliwa na wanajeshi, na ilikwisha kuivamia China. Ilipoteka nchi za Asia zilizotoa mpira na nyuzi za kamba, Waingereza wakautazama mkonge wetu. Serikali ya kikoloni ikakamata watu kwa nguvu kwenda kufanya kazi mashambani. Hao hawakupewa bunduki wala medali, na habari zao haziandikwi sana.

Kule Kondoa walifika wageni wa ajabu: Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto. Nchi yao iligawanywa na Hitler na Stalin, dikteta wa Urusi. Warusi waliwahamisha kwa nguvu hadi kwenye baridi kali, kisha wakapitia Uajemi mpaka Afrika. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, na Kondoa ilikuwa na kambi ndogo.

Vita viliisha, lakini Uingereza haikuwa na mafuta ya kupikia. Ndiyo maana mwaka 1947 walikuja Kongwa kulima karanga. Matrekta yalikuwa haba, wakageuza hata vifaru vya vita kuwa matrekta. Wagogo wanajua mvua ya huku, ndiyo maana hulima uwele na mtama. Udongo ulikauka ukawa kama saruji, majembe yakavunjika. Januari 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Ndugu zangu, nina ombi. Kama baba yako au babu yako alikuwa Keya, au alipelekwa kwenye mkonge, au alifanya kazi Kongwa, muulize nyumbani anayekumbuka. Andika jina lake, mwaka aliochukuliwa, mahali alikopelekwa, na kama alirudi. Lete karatasi hiyo maktaba ya kijiji. Usiogope makosa ya herufi.