Sanduku la Wakristo wa Kwanza

Yapata mwaka 197, Tertullian wa Carthage, huko Afrika ya Kaskazini, aliandika jinsi Wakristo walivyochanga. Walikuwa na sanduku. Kila mwezi mtu alitia alichoweza, kwa hiari yake. Pesa hizo hazikuliwa kwa karamu. Zililisha maskini na kuwazika, zikatunza yatima, wazee na waliofungwa kwa ajili ya imani. Mwaka 251 kanisa la Roma lilikuwa likitunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Dola iliwatesa mara kwa mara, na bado watu walizidi kujiunga, maana upendo waliuona kwa macho. Haya, tufungue daftari letu: yule mjane aliyeshindwa kuchanga, jina lake limo, ama tulishalikata?