Sindano Kavu au Sindano ya Umeme?

Sogeeni karibu. Leo tunaongea habari ya misuli inayouma na kukataa kupona. Sisemi ule uchovu wa siku moja baada ya mpira. Nasema shingo au mgongo unaokuuma zaidi ya miezi 3, mpaka darasani hutulii.

Wengine wenye shida hii hutibiwa kwa sindano. Usishtuke! Ni nyembamba kuliko ile ya chanjo, na haina dawa ndani. Ziko namna mbili.

Kwanza, sindano kavu. Mtaalamu hupapasa msuli mpaka apate fundo gumu, akiligusa unaruka. Hapo hapo ndipo anapochoma. Msuli hushtuka kidogo, halafu hulegea. Mwaka 1979 daktari Karel Lewit wa Chekoslovakia aliandika kwamba wagonjwa wake wengi walipata nafuu kwa sindano tupu.

Ya pili imetokana na tiba ya sindano ya China. Sindano ikishachomwa hufungwa waya unaoleta umeme mdogo sana, nawe unasikia kama unadonolewadonolewa. Huko Beijing, Profesa Han Jisheng alionyesha kwamba kasi ya umeme ina maana yake. Mapigo 2 kwa sekunde huufanya mwili utoe dawa zake za kutuliza maumivu za aina moja, na mapigo 100 hutoa aina nyingine. Kumbe dawa umezaliwa nayo!

Sasa mtaniuliza, ipi kiboko? Majaribio ya kuzilinganisha hayajaipa hata moja ushindi wa wazi. Tena hata sindano ya kuigiza tu huwapa watu wengi nafuu. Kwa hiyo anayekuahidi kupona kabisa kwa sindano moja, mkimbie.

Mimi ningeangalia usalama kwanza. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako, na itupwe baada yako. Uliza bila haya, hata kama anayekutibu ni rika la babu yako. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B hupita kwenye sindano chafu. Halafu sindano ya begani au kifuani ikizama mno inaweza kutoboa pafu. Ukianza kuhema kwa shida, nenda hospitali saa ile ile, usingoje kesho. Na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiwekewe umeme.

Halafu huo mkoba wa vitabu unaoubeba bega moja kila siku, unaubadilisha lini? Haya, maswali.